Mwongozo kamili: kukagua maua ya ndani ili yasimdhuru mtoto, paka wala mbwa

Wengi wanaotaka kuondoa hatari ya maua yenye sumu nyumbani hufanya jambo moja tu: wanakipandisha chungu juu ya kabati. Kisha paka anarukia kabatini, au jani linajikatia lenyewe na kudondoka sakafuni, na mtoto anayetambaa analiokota. Wengine hufanya kinyume chake. Wakishasoma ule ujumbe unaozungushwa kwenye simu, kwamba Dieffenbachia, ua la ndani lenye majani mapana ya mabaka meupe, humuua mtoto kwa dakika moja, wanatupa kila chungu cha sebuleni, huku oleanda, kichaka cha maua ya waridi au meupe, ikiendelea kuchanua mlangoni. Ujumbe huo si wa kweli. Dieffenbachia huunguza kinywa vibaya, lakini oleanda ndiyo inayoweza kuusimamisha moyo.

Makosa yote mawili yana mzizi mmoja: kuamua kabla ya kulijua ua kwa jina lake. Kwa hiyo hatua za hapa chini zifuatwe kwa mpangilio huu huu. Usikimbilie ya nne kabla ya kumaliza ya pili.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye kamera
- Selotepu ya karatasi na maka peni isiyofutika kwa maji
- Glavu za mpira zinazofika juu ya kifundo cha mkono. Za kuoshea vyombo zinatosha
- Miwani ya kujikinga, ya fundi seremala au hata ya kawaida
- Mkasi wa kupogolea ambao hautarudi jikoni
- Magazeti makuukuu na mifuko migumu ya taka
- Ndoano za dari na minyororo, kama una maua yanayotambaa
- Sabuni, kitambaa safi na maji yanayotiririka. Maji yakikatika mara kwa mara kwako, weka dumu la lita 5 pembeni

## Hatua ya 1: Orodhesha kila mmea, si vyungu vya sebuleni tu

Pita chumba kwa chumba, kisha baraza, dirishani, ngazini na kwenye ua wa nyumba. Ingiza maua ya kukatwa yaliyo kwenye vazi, yaani chombo cha kuwekea maua, vipandikizi vinavyooteshwa kwenye chupa za maji, na michongoma ya uzio inayofikiwa na mtoto au mbwa. Bandika kipande cha selotepu kwenye kila chungu na ukipe namba.

Maua ya vazi husahaulika kuliko yote kwa sababu hukaa siku chache tu. Kwa mwenye paka, shada moja la lili ni hatari kuliko vyungu vyote vilivyomo ndani.

Umefanikiwa ukiwa na namba kwenye kila chombo chenye mmea, pamoja na chupa iliyo nyuma ya pazia la jikoni.

## Hatua ya 2: Pata jina la kisayansi

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu majina ya mtaani yanachanganya mimea isiyo na undugu. Muuza maua akisema "lili" anaweza kumaanisha mimea mitatu yenye hatari tofauti kabisa. Akisema "mpamu" anaweza kukuuzia mmea usio na neno au ule unaoua ini la mbwa.

Piga picha tano za kila mmea: mmea mzima, jani upande wa juu, jani upande wa chini, mahali jani linapoungana na shina, na ua au tunda kama lipo. Zipitishe kwenye programu ya simu ya kutambua mimea, halafu thibitisha kwa njia ya pili: mwulize mwenye kitalu jina la Kilatini, au linganisha na picha za bustani za mimea zinazoaminika. Ikishindikana, mabohari ya mimea, yaani hifadhi za mimea iliyokaushwa, yana wataalamu wa kazi hii. Kuna East African Herbarium iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina bohari yake.

Usilitegemee jibu moja la programu. Picha yenye jani peke yake huiponza mara nyingi.

Jozi mbili za kutazama kwa makini:

Lili ya kweli na "lili" za jina. Lili ya kweli, yaani Lilium, ina petali sita na nyuzi sita zenye chavua ya rangi ya chungwa au kahawia inayochafua nguo. Hemerocallis nayo ina petali sita, ila majani yake ni membamba kama nyasi ndefu na kila ua hudumu siku moja. Hizi mbili huharibu figo za paka. Spathiphyllum, ambayo vitaluni huitwa pisi lili, ina karatasi moja nyeupe iliyozunguka kijiti. Hiyo huunguza kinywa tu. Zantedeschia yenye umbo la faneli ni vivyo hivyo.

Cycas na mpamu wa areka. Cycas revoluta ina kishina kinene kilichojaa makovu, majani magumu yenye ncha zinazochoma, na kingo za vijani vyake zimejikunja kuelekea chini. Areka hutoa mashina mengi membamba yenye manjano kutoka shinani, na majani yake ni laini. Cycas ina sumu kali. Areka haina.

Tahadhari: usionje jani, na usilivunje kwa mkono mtupu ili kuona rangi ya utomvu. Kama ni lazima, vaa glavu na miwani kwanza.

Umefanikiwa ukiwa umeandika jenasi, yaani neno la kwanza la jina la kisayansi, kwenye kila selotepu: Epipremnum, Dracaena, Aloe na kadhalika. Mmea ambao hujaupata jina uuhesabu kuwa mwekundu, kwa maana inayoelezwa katika hatua inayofuata.

## Hatua ya 3: Gawa katika makundi matatu

### Nyekundu: yanatoka nyumbani

Haya hushambulia moyo, figo, ini au ubongo. Kiasi kidogo kinatosha, na dalili huweza kuchelewa hadi tiba ikawa ngumu.

Oleanda, oleanda ya njano na waridi la jangwani (Nerium, Thevetia, Adenium). Zote tatu zina sumu zinazovuruga mapigo ya moyo. Sumu imo kwenye jani, ua, mbegu na utomvu, na jani likikauka bado imo. Adenium ndiyo inayowapumbaza watu, kwa kuwa ni nzuri, ndogo na inauzwa kila kitalu cha pwani. Katika Afrika Mashariki utomvu wake umetumika kutengeneza sumu ya mishale.

Cycas. Sehemu zote zina sumu, mbegu zikiwa mbaya zaidi. Mbegu moja au mbili huweza kumuua mbwa. Huanza kwa kutapika, kisha ini hushindwa kazi ndani ya siku mbili au tatu.

Lilium na Hemerocallis, kwa nyumba yenye paka. Jani moja, chavua aliyoilamba kwenye manyoya yake, hata maji ya vazi, vyote hutosha kuua figo. Kwa mbwa na binadamu, Lilium haina hatari ya namna hiyo. Kama huna paka, unaweza kubaki nazo.

Gloriosa superba, ua jekundu na njano lenye petali zilizokunjamana kama miali, linaloota porini kwetu na kupandwa bustanini. Kiazi chake kina sumu iitwayo kolchisini, na kimewahi kuliwa kwa kudhaniwa kuwa kiazi kikuu.

Mnanaha (Datura) na Brugmansia, ile yenye maua makubwa ya tarumbeta yanayoning'inia. Aliyekula huwa na kinywa kikavu, ngozi ya moto, mboni za macho zilizopanuka, na huanza kuweweseka.

Mbarika (Ricinus) na mtipitipi (Abrus). Mbegu zao zina sumu ziitwazo risini na abrini. Mbegu nzima iliyomezwa huweza kupita bila madhara kwa sababu ya ganda gumu. Iliyotafunwa ni hatari kubwa. Shanga nyekundu zenye doa jeusi zinazotungwa kwa mbegu za mtipitipi zimetobolewa, kwa hiyo ganda halikingi tena. Mtoto mdogo asivalishwe.

### Njano: yanabaki, ila kwa masharti

Kundi kubwa hapa ni la jamii ya magimbi: Dieffenbachia, mani planti (Epipremnum), Monstera, Philodendron, Caladium, Alocasia, Spathiphyllum, Syngonium. Tishu zao zina fuwele za oksaleti ya kalisi zenye umbo la sindano, ambazo huchoma ulimi na fizi papo hapo. Aliyewahi kula magimbi yasiyoiva sawasawa anaujua mwasho huo. Maumivu huanza ndani ya sekunde, na ndiyo maana watoto na wanyama wengi hutema kabla ya kumeza. Hatari ya kweli ni ulimi na koo kuvimba hadi pumzi ikabanwa. Hutokea kwa nadra, lakini hutokea.

Zamioculcas, mmea wa asili ya Afrika Mashariki unaopendwa sana maofisini, umo katika kundi hili hili. Dai kwamba unasababisha saratani halina msingi.

Euphorbia, ikiwemo mnyaa na ile yenye miiba na maua madogo mekundu, hutoa utomvu mweupe. Kwenye ngozi huleta malengelenge. Kwenye jicho huweza kujeruhi kioo cha jicho na kumtia mtu ukungu wa kuona kwa siku kadhaa. Poinsetia ya Krismasi ni ndugu yao, lakini ni mpole kuliko sifa yake mbaya.

Dracaena na sneki planti zina saponini zinazomtapisha paka na mbwa. Kalanchoe ina sumu ya moyo inayosumbua zaidi mifugo; mwenye mbuzi au sungura aiweke kwenye nyekundu. Mshubiri una utomvu wa njano chini ya ganda la jani unaoharisha. Mjamzito asiunywe, na mbwa asitafune jani zima.

### Kijani: weka popote

Klorofitamu yenye majani ya mistari na vitoto vinavyoning'inia, jimbi la Boston, areka, Calathea, Maranta, Peperomia, Haworthia, okidi za Phalaenopsis, na urujuani wa Usambara, Saintpaulia, ambao asili yake ni milima yetu. Kijani haina maana ya chakula. Paka akila jani jingi la mmea wowote wa kundi hili huweza kutapika, ila hatadhurika.

Umefanikiwa ukiwa umeweka alama ya rangi kwenye kila selotepu na hakuna chungu kilichobaki kwenye "labda".

## Hatua ya 4: Toa, hamisha, ning'iniza

Anza na nyekundu. Mpe mtu asiye na mtoto mdogo wala mnyama, na umweleze kwa maneno wazi kwamba mmea huo una sumu. Kama ni mti ulioota uani, mwite fundi wa bustani na umwonye kabla hajashika panga.

Kwa njano, sahau rafu. Paka mzima huruka karibu mita 1.5 akiwa amesimama, na mtoto wa miaka miwili huburuta stuli. Kinachofaa ni mojawapo ya haya:

1. Chumba kinachofungwa, ambacho mtoto na mnyama hawaingii bila mtu.
2. Ndoano ya dari, mbali angalau mita moja na nusu na kiti, kabati au pazia. Pogoa matawi ya mani planti ili ncha zisishuke chini ya mita 1.8 kutoka sakafuni. Kagua kila wiki, maana matawi hurefuka upesi kipindi cha mvua.
3. Kuutoa, mpaka mtoto apite umri wa kutia kila kitu mdomoni.

Okota majani yaliyoanguka kila asubuhi kabla mtoto hajashushwa chini. Ning'inizo bora kabisa halimsaidii mtoto aliyekuta jani sakafuni.

Usipulizie maji ya pilipili kwenye majani. Humuumiza mnyama macho, hukauka baada ya muda mfupi, na paka wengine hawajali. Badala yake mpe paka nyasi zake: panda ngano au shayiri kwenye bakuli, na baada ya wiki moja hivi ana majani ya kutafuna. Mbwa mchanga anayetafuna vyungu mara nyingi amechoka kukaa bure. Mtembeze na umpe kitu cha kutafuna.

Umefanikiwa ukiwa umepiga magoti sakafuni, ukatazama chumba kwa kimo cha mtoto, na usione jani la njano linalofikika.

## Hatua ya 5: Pogoa na utupe bila kumdhuru mwingine

Vaa glavu na miwani, tandaza gazeti, kata, kisha funga mabaki ndani ya gazeti hilo na uyatie kwenye mfuko wa taka. Osha mkasi kwa sabuni na nawa mikono kabla ya kugusa uso. Utomvu wa Euphorbia unanata, kwa hiyo maji matupu hayatoshi.

Makosa manne huleta maafa kwenye hatua hii:

- Kutupa matawi nje ya geti. Mbuzi wa jirani huyala. Oleanda iliyokatwa na kunyauka huua mbuzi na ng'ombe, kwa sababu sumu haipotei jani likikauka.
- Kuchoma oleanda. Moshi wake nao unadhuru. Usitumie vijiti vyake kama mishikaki wala kuni.
- Kuotesha vipandikizi kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtu mwenye kiu usiku hatazami. Tumia chombo ambacho hakiwezi kudhaniwa cha kunywea, na ukibandike alama.
- Kumwaga maji ya vazi kwenye bakuli la mnyama au kuliacha vazi wazi mezani. Mwaga chooni.

## Hatua ya 6: Andika karatasi ya mlangoni mwa friji

Ajali nyingi hutokea wakati mwenye nyumba hayupo. Anayebaki na watoto, awe dada wa kazi, bibi au shangazi, anahitaji karatasi moja yenye mambo haya: majina ya mimea ya njano pamoja na namba za vyungu, uzito wa kila mtoto na kila mnyama, simu ya hospitali ya karibu yenye huduma ya dharura usiku, simu ya daktari wa mifugo, na ya dereva anayeaminika. Kenya andika 999 na 112, Tanzania 112. Walio Marekani waandike kituo cha sumu, 1-800-222-1222.

Piga namba hizo leo uhakikishe zinapokelewa. Muulize daktari wa mifugo waziwazi: unaweza kumwekea paka dripu usiku? Kama hawezi, tafuta anayeweza kabla hujamhitaji.

## Hatua ya 7: Imeshatokea, fanya hivi

Kwanza, kwa mmea wowote. Toa mabaki mdomoni kwa kidole kilichofungwa kitambaa chenye maji. Tia mabaki kwenye mfuko, piga picha mmea, andika saa. Daktari atauliza: mmea gani, kiasi gani, lini.

Jamii ya magimbi. Suuza kinywa, kisha mpe maji baridi au maziwa baridi kidogo kidogo, hutuliza mchomo. Kama anaweza kumeza na sauti yake ni ya kawaida, mwangalie kwa karibu saa kadhaa zinazofuata. Nenda hospitali mara moja ukiona ulimi unavimba, sauti imekwaruza, anapumua kwa kukoroma au hawezi kumeza mate.

Utomvu jichoni. Maji yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kope zikiwa wazi, kutoka upande wa pua kwenda nje. Kisha hospitali, hata kama anajisikia nafuu, kwa kuwa maumivu ya Euphorbia huweza kuzidi saa kadhaa baadaye.

Utomvu kwenye ngozi. Sabuni na maji mengi. Vua nguo iliyoloa.

Mmea mwekundu. Usisubiri dalili. Ondoka sasa hivi kwenda hospitali, au kwa daktari wa mifugo. Aliyetafuna mbarika au mtipitipi anaweza kucheza vizuri kwa saa nyingi kabla hali haijabadilika. Paka aliyelamba chavua ya lili hutapika, hutulia, na wengi hudhani amepona. Figo hufa kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Matumaini ni makubwa dripu ikianza kabla ya saa 18 kupita tangu alipoilamba. Ukikuta chavua kwenye manyoya yake, ioshe kwa maji kabla hajajilamba, kisha mpeleke.

Mgonjwa amezimia au ana degedege. Mlaze ubavu, usimpe chochote mdomoni, tafuta usafiri.

### Usifanye haya, hata jirani akisisitiza

Usimtapishe. Kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda, na matapishi huweza kuingia mapafuni. Maji ya chumvi yenyewe huweza kumuua mtoto mdogo au mbwa. Mafuta ya kula, mayai mabichi na mafuta ya taa havina kazi hapa, na mafuta ya taa ni sumu nyingine.

Mkaa wa jikoni uliosagwa si ile dawa ya mkaa ya hospitalini, ambayo imetengenezwa maalumu ili inase sumu. Na maziwa, yanayosaidia mwasho wa Dieffenbachia, hayaondoi sumu ya oleanda hata kidogo. Anayempa mtoto glasi ya maziwa kisha akakaa kusubiri amepoteza muda ambao moyo wa mtoto ulikuwa unauhitaji.

## Lini urudie ukaguzi

Rudia siku mmea mpya au shada linapoingia nyumbani, mtoto anapoanza kutambaa na tena anapoanza kupanda viti, na mnyama mpya anapoletwa. Mmea mpya ukae nje ya chumba cha watoto hadi upate selotepu yenye jina na rangi. Ukipewa zawadi ya maua na unafuga paka, tazama chavua kabla ya kutafuta vazi.